Kabla hujaja fildi

Mwanangu,

Assalaam aleikum. Maombi yako yamekubaliwa. Mkuu wa kituo chetu cha kufundisha ufundi kaniambia jana uwanjani, kwa sauti ya kila mtu kusikia: "Mtoto wa mama wa stoo anakuja!" Hapo ndipo nikaamua kukuandikia, maana kwenye simu unaitikia "ndiyo mama" huku unaandikiana na wenzio.

Juzi tulikaa kikao cha kuwatambulisha walimu wapya na wanagenzi. Mkuu kasoma majina na vyeti, watu wakapiga makofi, tukanywa chai kwa kachori, basi. Mie nilikuwa nishawajua. Hakuna afanyaye kazi hapa asiyepita kwangu kutia saini kifaa, na mtu mpya namjua kwa anavyorudisha patasi.

Nianze na Mzee wa Nungwi. Kaja kufundisha useremala, na umri wake wote kaumaliza kuunda majahazi. Fomu ya ajira ina nafasi ya kiwango cha elimu, na karani alikwama hapo. Mzee akamwambia aandike jina la fundi aliyemfunda. Karani akapiga mstari. Basi siku ya kikao, zamu yake ilipofika, alisimama akamtaja fundi wake, akamtaja aliyemfunda fundi wake, na wa nyuma yake tena, kisha akakaa. Hakusema neno juu yake mwenyewe. Vijana wakatazamana. Kwangu mie hapajawahi kuwa na utambulisho mzuri kuliko ule, na kama ningekuwa mkuu ningeifuta ile nafasi ya fomu nikaweka "umefundwa na nani".

Anapima kwa shibiri na dhiraa, anatoboa kwa keekee ya upote, na drili ya umeme anaiangalia tu. Nikimpa patasi butu hunirudishia kali. Jambo hilo halimo katika mkataba wake.

Wako wewe hasa ni mwalimu wa uashi, dada mmoja wa Bagamoyo mwenye stashahada, kwani ndiye utakayefanya naye kazi. Siku ya kwanza aliona mifuko ya saruji stoo akaniuliza ya nini. Nikamwambia ya kuziba ufa wa ukuta wa nyuma. Akasema si kwenye ukuta ule. Nyinyi huko chuoni mnafundishwa zege na nondo, kwa hiyo sikiliza vizuri. Kuta za Mji Mkongwe ni mawe ya matumbawe na chokaa, na ukuta kama huo huvuta unyevu na kuutoa. Ukiupiga plasta ya saruji umeuziba pua. Maji yanabaki ndani, chumvi inasukuma, plasta inabanduka mapande mapande, na boriti za mkoko zinaanza kuoza pale vichwa vyao vilipoingia ukutani. Hizo boriti nazo ndizo zinazokufanya useme vyumba vya bibi yako vyembamba: upana wa chumba ni urefu wa boriti, haukuwa uchaguzi wa mtu.

Kawatia wanagenzi kwenye kazi ya chokaa tangu mwanzo. Mawe ya chokaa huchomwa kwa magogo ya minazi, yakatiwa maji, kisha chokaa ikaachwa shimoni ikomae. Vijana wanataka kushika mwiko siku ile ile, yeye anawaambia subirini. Waashi wetu wawili wa zamani walinung'unika kuamrishwa na mwanamke, tena wa bara. Mmoja kishanyamaza, sasa wanabishana naye juu ya mchanga tu, na huo ni ubishi wa mafundi. Mwingine bado. Usiingie kati yao. Tangu sehemu ya Beit al-Ajaib, lile jumba la kale la Mji Mkongwe, iporomoke tarehe 25 Disemba 2020, mie sijasikia tena mtu hapa akiita chokaa kazi ya wazee, na huyo anayenuna pia anajua.

Mwalimu wa kusuka ukili wa mikeka katoka Pemba. Kaja na miyaa yake, rangi zake na sufuria yake, haniazimi kitu, kwa hiyo sina la kusema juu yake ila kwamba misala yake nimeagiza miwili.

Wanagenzi ni wengi, nikutajie wachache. Yuko binti wa Makunduchi anayejifunza kuchonga milango. Anazungusha bikari siku nzima, anachora mnyororo wa fremu na maua ya kizingiti, mbao hajakabidhiwa. Ana ulimi! Mtembeza wageni mmoja alikuwa anaeleza kwamba misumari ya shaba kwenye milango ni ya kuzuia tembo, binti akamuuliza tembo gani wa Unguja. Mwalimu akamwambia akauelezee mwenyewe mtindo ule ulivyokuja na Wahindi. Akaueleza, tena vizuri.

Yuko kijana wa Micheweni, mkimya. Alivunja ncha ya bobari, ile patasi ya makali ya mviringo, akaja nayo mkononi, akasema, "Mama, nimeivunja." Wiki hiyo hiyo mwenzie mmoja alinirudishia iliyovunjika imeviringishwa kitambaa, akatia saini haraka akaondoka. Huyo simtaji.

Na yuko Mjerumani, seremala, kavaa suruali nyeusi pana na kofia ya ukingo mpana katika joto hili. Kumbe kwao kijana akihitimu useremala anaweza kuingia safarini miaka mitatu na siku moja, akifanya kazi kwa mafundi wa ugenini, wala haruhusiwi kusogea ndani ya kilomita 50 za kwao. Ana hereni, na anasema zamani ilikuwa akiba ya kumzikia mtu akifa njiani. Nimewaza mamake tu. Nimempa pweza wa nazi, kamaliza.

Sasa wewe. Utasimamishwa kikaoni ujitambulishe, na Mkuu ninavyomjua atataka kusema wewe ni wangu. Mtangulie. Sema jina lako, chuo chako, kwamba unasomea usanifu majengo, na kwamba fundi bado huna, umekuja kumtafuta. Ukitaka kifaa panga foleni, na usimtume mtu aje kuniomba kwa jina lako.

Njoo na barua ya chuo yenye muhuri. Ofisi haikubali picha ya simu. Nunua glavu na miwani ya kazi huko huko Kariakoo, chokaa inaunguza macho, na zetu zimeisha. Mdogo wako naye anataka chaja. Nimemwambia akuandikie mwenyewe.

Wabillahi taufiq,
Mamako