Akivuka mama, mtoto yuko nyuma

Mhariri,

Mnyama wa porini akigongwa na gari, tunaambiwa "alijirusha" barabarani. Si kweli. Mama huvuka kwanza. Dereva akiona amefika ng'ambo hukanyaga mafuta, na hapo ndipo ndama aliyebaki kichakani huchomoka kumfuata. Usiku ni balaa zaidi: taa kali humpofusha, naye huganda palepale, kwa kuwa porini kutulia ndiko kunakomficha asionwe na adui. Gari la kilomita 80 kwa saa hula mita 22 kila sekunde, hata kabla mguu haujagusa breki. Basi akipita mmoja, punguza mwendo, ngojea wa pili na wa tatu. Shusha taa, piga honi fupi. Usikate usukani ghafla. Magari mangapi yamepinduka hivyo!