Ovaloki haiokoi sare iliyokatwa kwa ubahili

Mhariri,

Kila Januari lawama ni zile zile: sketi ya shule haijamaliza muhula, mshono wa ubavuni umeshatoa nyuzi, na fundi wa pili anamwambia mzazi kwamba yule wa kwanza hakupiga ovaloki, yaani mshono unaozungusha nyuzi ukingoni ili kitambaa kisichomoke. Mara nyingi ovaloki ilipigwa. Kilichokosekana ni kitambaa.

Nguo za haraka haraka huachiwa nusu sentimita tu nje ya mshono. Mashine ya ovaloki ina kisu kinachokata ukingo huku ikishona, basi hata hiyo nusu hupungua. Mtoto akichuchumaa, kitambaa kinavutika, nyuzi zinachomoka chini ya mshono pamoja na ovaloki yake, na hapo hakuna tena pa kushonea. Ubavuni acha sentimita 2, kwingine 1.5. Mtoto akinenepa, utapata pa kufumulia.

Asiye na ovaloki asijione mnyonge. Cherehani ya kukanyaga, isiyojua zigizagi (mshono wa kona kona), inashona mshono wa kuficha, na kwa dera au blauzi nyepesi huo ni bora kuliko ovaloki. Acha nafasi ya sentimita 1.5. Weka vipande viwili uzuri, yaani upande wa kitambaa unaoonekana nguo ikivaliwa, ukiwa nje (ndiyo, nje, ingawa mkono umezoea kinyume chake) na ushone milimita 6 kutoka ukingoni. Punguza ukingo ubaki milimita 3, piga pasi, geuza uzuri uingie ndani, kisha shona milimita 9 kutoka kwenye mkunjo. Ukingo umefungiwa kabisa. Wanaoharibu ni wale wanaoruka hatua ya kupunguza: wakigeuza nguo, vinyuzi vimechungulia nje kama ndevu, na ukivikata vingine vinajitokeza baada ya kufua.

Kaki nzito na jinzi usizishone hivyo, mshono utakuwa mnene kama kamba. Kwenye mviringo wa kwapa nako haukai vizuri. Hapo funga ukingo kwa upapi, yaani utepe wa kitambaa, wa sentimita 3 uliokatwa mshazari. Upapi wa mshazari hufuata mviringo bila kukunjamana, na wenyewe hautoi nyuzi upesi.

Satini ndiyo korofi. Nyuzi zake zinateleza, hazishikani, zinaanza kutoka mezani kabla hujaweka mkasi chini. Usiikate leo ukaishona wiki ijayo.

Kuna wanaopitisha moto wa kiberiti ukingoni. Hiyo ni kwa poliesta peke yake. Chomoa uzi mmoja, uuchome: ukiyeyuka na kuacha punje ngumu, ni poliesta, ukiwaka kwa harufu ya karatasi na kuacha majivu laini, ni pamba, na nguo utaiunguza. Hata kwa poliesta, ishia kwenye ncha za utepe au mkanda. Ukingo ulioyeyuka ukikaa ndani ya nguo unakwaruza ngozi.

Na wenye kanga mpya: pande mbili ndefu zina ukingo wa kiwandani, ziacheni. Zile fupi zilizokatwa ndizo za kupinda, mara mbili, milimita 5 kila mkunjo, kabla ya kanga kuingia kwenye beseni la maji.

Fundi cherehani,
Morogoro