Barua ya wazi kwa shemeji yangu wa Kibirizi, kabla hajaweka saini

Shemeji, asalaam aleikum.

Nasikia wakala wa bima amekufuata mwaloni, mmeelewana, na fomu iko kabatini inasubiri saini tu. Mdogo wangu, yaani mke wako, ndiye aliyenipigia simu, na tafadhali usimgombeze. Alichouliza ni haki yake kuuliza: laki moja kila mwezi kwa miaka 15 inanunua nini hasa? Nakujibu hadharani kwa sababu swali hilohilo naletewa na watu wengi ninaowaandikia hesabu hapa Kigoma, kuanzia Katonga hadi Ujiji. Jina lako silitaji. Na usiende kusema shemeji ananitabiria kifo. Nina maslahi yangu humu, siyafichi: likikutokea la kukutokea, atakayebaki na watoto ni mdogo wangu, na arobaini ikishapita, sufuria itakayoongezwa maji ni ya kwangu.

Karatasi aliyokuachia yule kijana nimeisoma kwenye picha. Ni bima ya maisha yenye akiba. Ukifariki ndani ya miaka 15, familia inalipwa milioni 20. Ukiwa hai mwaka wa 15 unapotimia, unalipwa wewe hizo milioni 20, pamoja na bonasi kama kampuni itaitangaza. Hilo neno "kama" limeandikwa kwa herufi ndogo, lakini limeandikwa. Laki moja mara miezi 12 mara miaka 15 ni milioni 18 zitakazotoka mfukoni mwako. Na bei za vitu zikipanda kwa asilimia 4 tu kila mwaka, milioni 20 utakazopokea wakati huo zitanunua vitu vya kama milioni 11 za leo. Kama akiba, ni akiba nyonge.

Kama kinga je? Hapa ndipo mahesabu yangu na ya wakala yanapoachana. Mdogo wangu aliniambia nyumba inakula kama laki tano kwa mwezi, ada za shule na daftari zikiwemo. Biashara yake ya mawese inamwachia laki moja na nusu mambo yakienda vizuri. Pengo ni laki tatu na nusu kwa mwezi, yaani milioni 4.2 kwa mwaka. Mtoto wa mwisho yuko darasa la kwanza. Hadi amalize kidato cha nne na apate pa kushika, tuhesabu miaka 11, hivyo tunazungumzia milioni 46 na ushei. Ongeza milioni nne za yule tajiri wa dagaa anayekudai, na hapo tumefika milioni 50. Ukigawa milioni 20 za wakala kwa pengo lile, zinaisha miaka mitano haijatimia, na mtoto hajamaliza hata shule ya msingi.

Ndiyo maana nakuambia uulizie bima ya maisha ya muda maalumu. Mawakala wengi hawaanzi kwa kuitaja hiyo, maana ada yake, yaani hela unayoilipia bima, ni ndogo na kamisheni yao inafuata ada. Unachagua miaka, tuseme 15, na kiasi, tuseme milioni 50. Ukifariki ndani ya miaka hiyo, wanalipa. Ukiimaliza salama, hakuna anayekudai na wewe humdai mtu. Najua utakachosema: "Yaani nalipa miaka yote hiyo nisipate hata senti?" Ndiyo, shemeji. Hela uliyolipa imefanya kazi kila usiku uliokuwa majini. Kwa mtu wa umri wako mwenye afya, ada ileile inanunua kinga kubwa mara kadhaa kuliko ile yenye akiba, au kinga ya milioni 50 kwa ada ndogo, kinachobaki ukakiweka akiba pengine unakoweza kukifikia: mifuko ya uwekezaji wa pamoja ya UTT, au michango ya hiari ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, ambao unapokea hata waliojiajiri. Sipendi akiba na kinga zifungwe fundo moja. Ukishindwa kulipia kimojawapo, vyote viwili vinazama.

Na kushindwa kulipia si jambo la kubuni kwa mvuvi. Wakala anahesabu miezi kama mwalimu anayesubiri mshahara tarehe 25. Wewe unahesabu giza na mbalamwezi. Mwezi ukiwa mkubwa taa haziwavuti dagaa, boti zinapumzika, na hela inapumzika nazo. Halafu kumbuka mwaka 2024, uvuvi uliposimamishwa Ziwa Tanganyika kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wazaliane. Miezi mitatu. Mikataba mingi inakuvumilia kama siku 30 baada ya tarehe ya kulipa. Zikipita, kinga inakatika. Na ukiivunja ile yenye akiba katika miaka miwili au mitatu ya mwanzo, mara nyingi hurudishiwi kitu, kwa kuwa thamani ya kuisalimisha, yaani hela unayorudishiwa ukiivunja, bado haijaanza kujengeka. Nimeona daftari la mwenye boti mmoja aliyelipa mwaka mzima na zaidi, msimu ukamkalia vibaya, akaacha. Hakuwa na kinga, hakuwa na akiba, na hasira zake akazihamishia kwa bima zote duniani.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza "nitapata ngapi", uliza kama unaweza kulipa kwa mwaka au kwa miezi mitatu mitatu, ukailipa dagaa wakiwa wamejaa. Uliza kinga ikikatika inafufuliwaje, na kama watataka upimwe afya upya. Ukiwa na mtaji wa kulipa mwaka mzima mara moja, lipa mara moja. Nakujua, hela ikikaa kwako inageuka nyavu.

Aina nyingine nazipitia haraka. Bima ya maisha yote haina mwisho: ukifa leo au na miaka 90, wanalipa, ada yake ni kubwa kwa sababu ni hakika kwamba siku moja watalipa. Inamfaa mwenye mali ya kupanga mirathi, si mwenye watoto wanne wa shule na boti moja. Bima ya elimu ni ile ile yenye akiba, imevalishwa sare ya shule. Ninachoipendea ni kimoja: katika baadhi ya mikataba mzazi akifariki ada ya bima inasamehewa na fedha za shule zinaendelea kutoka. Ukikuta sharti hilo, soma mara mbili. Bima za mazishi za vikundi ni nzuri kwa sanda, usafiri na chakula cha waombolezaji. Kazi yao inaishia hapo.

Kuna moja inayowadanganya wengi. Ulipokopa benki kwa ajili ya mashine ya boti, kuna hela ilikatwa mwanzoni ikaitwa bima ya mkopo. Wewe ukaondoka ukijua una bima ya maisha. Ile inailipa benki. Ukifariki deni linafutwa na mke wako hasumbuliwi, jambo jema, lakini kwake haingii hata shilingi. Na lile la tajiri wa dagaa halimo.

Sasa niseme linalonikosesha raha zaidi, na ambalo sijasikia wakala yeyote akilianzisha mwenyewe. Ziwa letu lina kina kinachofika mita 1,470. Mtu akifia hospitali ya Maweni kuna daktari, kuna kibali cha mazishi, kuna cheti cha kifo kinachosajiliwa RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, na kampuni ya bima inalipa kwa cheti. Mtu akipotea ziwani usiku na mwili usionekane, cheti kinaandikwa kwa ushahidi gani? Familia inaweza kusoma dua na kugawa nguo, lakini kisheria mtu huyo amepotea tu, na inaweza kuchukua miaka kabla mahakama haijamhesabu kuwa amefariki. Miaka hiyo yote ada inaendelea kudaiwa, na isipolipwa kinga inakatika kabla haijathibitika kwamba alikuwa amekufa. Muulize wakala: mkataba unasemaje kuhusu mtu aliyepotea majini? Watakubali taarifa ya polisi, maelezo ya wenzake wa boti na barua ya serikali ya mtaa, au watataka amri ya mahakama? Nani atalipa ada katikati? Usipokee jibu la mdomo. Aandike, au akuoneshe kifungu. Na wewe kwa upande wako, uwe na daftari la kutoka na kurudi hapo mwaloni, lenye majina ya waliopanda boti usiku huo. Wenzako watacheka. Wacheke.

Hilo linanipeleka kwenye fomu yako. Nimeona mahali pa kazi pameandikwa "mfanyabiashara". Ni mwandiko wa wakala, si wako. Wewe ni mvuvi wa usiku, shemeji, na kazi hiyo huenda ikapandisha ada, ndiyo maana amekuandikia biashara. Bima inasimama juu ya ukweli wote unaoujua kuhusu nafsi yako. Kampuni ikigundua wakati wa madai kwamba kazi, presha au sigara vilifichwa, ina njia ya kukataa kulipa, na wakati huo wewe hupo wa kujieleza. Mwambie afute aandike mvuvi. Presha uliyopimwa mwaka juzi iandikwe pia. Ada ikipanda, lipa iliyopanda. Nyongeza ya ulemavu nayo ichukue kama bei yake si kali. Hatari si kuzama tu, vidole navyo vinaliwa na mashine.

Majina. Kwenye NIDA mdogo wangu ana majina matatu, kwenye cheti cha ndoa ana mawili, na wewe kwenye fomu umemwita kwa jina la nyumbani ambalo hata mjumbe wa mtaa halijui. Nimewahi kuona malipo yakikwama kwa herufi moja, mjane akizunguka na hati za kiapo. Andika jina la NIDA, lote, kama lilivyo. Watoto nao waandike, kila mmoja na asilimia yake, na yule wa Uvinza usimruke. Mke wako anajua naandika hili na ndiye aliyelisema kwanza. Kwa walio chini ya miaka 18 weka mtu mzima wa kuwapokelea, mtu ambaye ukimwachia ng'ombe unamkuta. Sitaki kuwa mimi, wasije wakanifikiria mengine.

Ulinitumia ujumbe kwamba sheikh wa mtaani kwenu ana shaka na bima kwa sababu ya riba na kamari. Simshindi sheikh kwa elimu yake, lakini mwambie kuna takaful, bima ya Kiislamu, na TIRA, mamlaka inayosimamia bima nchini, imekwisha kutoa mwongozo wake. Wanachama wanachangia mfuko kwa nia ya kusaidiana, kampuni inalipwa ujira wa kuusimamia, na ziada ina utaratibu wake wa kugawanywa. Uliza kama kampuni inatoa takaful ya familia, siyo ya magari na nyumba peke yake, kisha upime bei na kinga kwa jicho lile lile. Muulize pia sheikh kuhusu wanufaika: wapo wanazuoni wanaosema aliyeandikwa kwenye fomu ni mpokeaji tu, na fedha zinagawiwa kwa mirathi. Ni bora mlijue hilo mkiwa wote mmekaa kwenye jamvi, kuliko ndugu zako walianzishe msibani.

Kabla ya kumpa mtu shilingi, hakikisha kampuni na wakala wote wawili wana leseni ya TIRA ambayo haijaisha muda. Lipa kwa namba ya kampuni, si ya simu ya kijana, hata akiwa mtoto wa jirani. Na tafuta bei kwa zaidi ya kampuni moja; Shirika la Bima la Taifa lipo, za binafsi zipo, na benki nyingi siku hizi nazo ni mawakala.

Mambo yakiharibika baadaye, kampuni ikasuasua kulipa, kuna Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Mke wako alijue jina la ofisi hiyo kama anavyojua la zahanati. Na ajue hati ilipo. Isikae kwenye boti.

Fomu uliyonayo iache ilale kwanza. Mwambie wakala akuletee kwa maandishi bei ya kinga ya muda, milioni 50, miaka 15, mvuvi, mwenye presha, ada ya mwaka. Mwombe na mwingine wa kampuni nyingine vivyo hivyo. Zikifika zote mbili njoo nazo kwangu Mwanga, hapa Kigoma, jioni yoyote isipokuwa Ijumaa, na uje na mke wako, maana yeye ndiye atakayezisoma nisipokuwepo mimi wala wewe.

Shemeji yako.