Kadi ya mstaafu haimbebi mama yake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwaeleze watumishi wa umma wa Mtwara na Lindi wanaokaribia kustaafu jambo la bima ya afya ambalo mimi, mwalimu wa shule ya msingi kwa miaka 35, nililijua nikiwa nimesimama dirishani hospitalini, mama yangu amekaa kwenye benchi nyuma yangu.

Nilistaafu Desemba 2022. Miezi michache kabla ya hapo tuliitwa kwenye semina ya wastaafu watarajiwa, na karibu siku nzima ilikwisha kwa kubishania kikokotoo kipya (kanuni ya kukokotoa mafao ya uzeeni) cha malipo ya mkupuo ya asilimia 33 kilichoanza Julai mwaka huo. Sikulaumu, kwa sababu nami nilikuwa miongoni mwa waliopaza sauti. Kuhusu matibabu, mwezeshaji alitamka sentensi moja tu: kwamba mstaafu anaendelea kutibiwa na Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya bila kuchangia. Tukapiga makofi, tukaenda kula.

Sentensi ile ilikuwa ya kweli, ila ilikatwa katikati. Mtumishi aliye kazini hukatwa asilimia 3 ya mshahara, mwajiri naye huongeza asilimia 3, na mchango huo humhudumia yeye, mwenza wake na wategemezi wengine wanne, wakiwamo wazazi. Akishastaafu wanabaki wawili, yaani yeye na mwenza wake. Mama yangu, ambaye kadi yake alikuwa bado ameifunga kwenye pindo la kanga, aliambiwa kuwa kadi haisomi, nami nikalipa taslimu vipimo na dawa za presha ambazo anapaswa kuzimeza kila siku ya maisha yake. Mhudumu hakukosea lolote. Aliyekosea ni mimi niliyedhani kadi ya mzazi haikomi hadi mzazi afe.

Ndiyo maana nasema uchaguzi wa bima baada ya kustaafu si wa mstaafu mwenyewe, maana yeye sheria imeshamchagulia. Uchaguzi ni wa wale wanne, na unapaswa kufanyika mshahara ukiwa bado unaingia. Kijana wangu aliyekuwa chuoni hakunisumbua, kwani chuo kilimwandikisha kwa shilingi 50,400 kwa mwaka kama wanafunzi wenzake. Kwa mama nilihangaika zaidi. Nilipiga hesabu ya kumnunulia bima binafsi, nikaona kwa umri wake na kwa ugonjwa alio nao tayari pensheni yangu isingehimili. Hatimaye nilimwandikisha kijijini kama mkuu wa kaya yake, pamoja na wajukuu anaoishi nao, katika Mfuko wa Afya ya Jamii ulioboreshwa, ambao wakati huo ulitoza shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya isiyozidi watu sita.

Mfuko huo ulikuwa na mipaka ambayo ilikuwa vyema mtu aijue mapema. Mgonjwa alianzia zahanati, alipanda kwa rufaa, na safari yake iliishia hospitali ya mkoa, ambayo kwetu ni Ligula na kwa ndugu zetu wa Lindi ni Sokoine. Aliyezoea kadi ya mtumishi na kupelekwa hadi Muhimbili hakupaswa kutarajia hayo. Dawa nazo zilipokosekana zahanati, ulijua mwenyewe pa kuzipata. Hata hivyo kwa mzee anayehitaji kupimwa presha kila mwezi, zahanati ya jirani ina manufaa kuliko hospitali kubwa iliyo mbali.

Nitaje na jambo la kwetu. Huku Uwanda wa Makonde mjomba analea wapwa, na hakuna anayeona ajabu. Katika miaka yote niliyochangia, fomu ilimtambua mke wangu, watoto na wazazi, lakini mtoto wa marehemu dada yangu aliyekula sahani moja na wanangu hakuwa na mahali pa kuandikwa. Alipata kadi kwa mara ya kwanza mimi nilipostaafu, kupitia kaya ya bibi yake. Wanaotekeleza Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote iliyopitishwa mwaka 2023 wangefanya vizuri kuzitazama familia za Kusini jinsi zilivyo wanapoamua nani ni mtegemezi.

Kwa waajiri nina ombi dogo lisilohitaji bajeti. Barua ya kumkumbusha mtumishi tarehe yake ya kustaafu huandikwa mapema. Katika barua hiyohiyo iongezwe aya moja yenye majina ya wategemezi ambao kadi zao zitakoma, ili asiyasikie dirishani.

Mwalimu mstaafu,
Newala, Mtwara.