Tupime milalo kabla ya kusifu mapambo

Mhariri,

Kijana akikuonyesha twiga aliyechongwa kwa mashine aliyoiunda mwenyewe, unampigia makofi. Mimi huomba tepu kwanza.

Mpwa wangu, tunayeshirikiana naye useremala hapa Kizota, Dodoma, ameunda ruta ya kuning'inia, yaani mashine ya kuchonga mbao kwa biti inayozunguka. Fremu ina mota mbili juu, kila moja na mnyororo wa baiskeli, na minyororo hiyo imeshika kitako cha mbao kilichobeba ruta. Kompyuta ikivuta mnyororo huu na kulegeza ule, kitako kinateleza juu ya plaiwudi iliyoegemezwa. Bango zima la plaiwudi, futi nane kwa nne, linaingia, na karakana yetu ndogo bado ina pa kupita. Hilo nampa heko.

Lakini twiga akinenepa milimita tano, nani atajua? Mlango wa kabati ukizidi hivyo haufungi, na tangu Serikali ianze kuhamia hapa mwaka 2016, wateja wetu wengi wanataka makabati.

Kwa hiyo nawasihi wenye mashine hizi: katikati ya bango, toboeni vitundu vinne, pembe za mstatili wa mita moja kwa mbili. Pimeni kutoka katikati ya tundu hadi katikati ya tundu, unene wa biti usiingie kwenye hesabu. Kona kwa kona, milalo yote miwili isome milimita 2,236. Mmoja ukiuzidi mwingine, kagueni minyororo ilivyoanzia. Pini hadi pini ni milimita 12.7, na jino moja likirukwa upande mmoja, kosa lote hilo linahamia kwenye mbao. Milalo ikilingana ila haifiki 2,236 au inapita, mara nyingi umbali kati ya mota ulioandikwa kwenye programu sio ulioko kwenye fremu.

Halafu acheni minyororo mikuukuu ya fundi baiskeli. Uliorefuka kwa nusu asilimia tu, katika mita mbili umeshakudanganya sentimita nzima. Nunueni jozi mpya.

Pembe za chini ndizo korofi. Ruta ikifika huko, mnyororo wa upande wa mbali unakuwa mrefu, unalegea na kubonyea katikati, na mkato unapinda. Kitako kiongezewe uzito. Sisi tumefunga tofali, wateja wanacheka, lakini droo zinaingia. Hata hivyo kazi ya vipimo vikali bado hatuipangi kwenye pembe hizo.

Ombi langu kwako, Mhariri: waandishi wako wakikuta mashine kama hizi kwenye mabanda ya Nanenane pale Nzuguni, wamwombe mwenyewe atoboe hivyo vitundu vinne mbele yao, kisha wachapishe vipimo pamoja na picha.

Fundi seremala,
Kizota, Dodoma