Somo, Mwaka Wangu Unao Wewe

Nzega, Jumapili jioni

Somo,

Mwangaluka. Najua nimekaa kimya tangu msiba wa mama mkubwa, na hela ya dagaa sijakutumia. Dagaa walifika wazima, mawese yalimwagikia njiani, hayo tuyaache.

Nimeletewa barua ya kustaafu. Mwaka 2026 eti natimiza miaka 60. Mimi! Marehemu mama hakusoma, lakini hakuwahi kuyumba: nilizaliwa mwaka uliofuata Azimio la Arusha. Basi nikaenda parokiani. Katibu akanishushia daftari la ubatizo, lile kubwa, jalada limetafunwa na mende. Paulo, 1968, jina la mama yangu pembeni. Nikafunua nyuma kidogo: Paulo mwingine wa kigango kilekile, 1966. Wewe, somo. Nikatafuta benchi nikakaa.

Unaikumbuka siku ya kuandikishwa, 1977? Mwaka uliotangulia nilirudishwa nyumbani, mkono ulipita juu ya kichwa ukaishia nywele, sikio haukuligusa. Mwaka huo wa Elimu ya Msingi kwa Wote nani alipima tena! Tulisombwa wote, hata wachunga ng'ombe wenye ndevu, tukajazwa kanisani maana madarasa hayakuwepo. Mwalimu, ambaye Jumapili ndiye katekista, akaweka daftari juu ya altare, Mungu amrehemu. Akaita "Paulo!" tukaitika wawili. Kadi zetu za ubatizo alikuwa amezibana pamoja kwa mwiba wa mgunga. Akacheka, akaandika Paulo wa Kwanza, Paulo wa Pili. Mimi wa Pili, kwa ufupi wangu. Alipopatikana Papa Yohane Paulo wa Pili mwaka uliofuata nikawatoza matobolwa ya viazi kila aliyetaka kunibusu pete, na pete yenyewe ya waya. Alipokuja Tabora 1990 ulinitania mpaka mke wangu akauliza kulikoni.

Naona ni pale, kwenye ule mwiba. Majina ya baba zetu aliyanakili sawasawa, miaka akaikosesha. Yangu kwako, yako kwangu. Cheti cha la saba kikafuata daftari, ajira ikafuata cheti.

Afisa utumishi ananiambia tarehe niliyojaza siku ya kuajiriwa ndiyo hiyohiyo. Nikimbana sana anasema labda nilete kiapo cha mtu aliyekuwepo. Katekista tulishamzika. Mwalimu mkuu naye. Umebaki wewe, na hapa kalamu inaniwia nzito, maana ukinirudishia 1968 yangu wewe unabaki na nini? Najua kitinda mimba wako yuko kidato cha tano. Wangu naye ada yake... Sisemi uape. Wala sisemi usiape.

Kanisa limekuwa la matofali ya kuchoma, lina spika zinazokoroma kuliko mahubiri. Ile ringi ya gari tuliyokuwa tukigombania kuigonga bado inaning'inia kwenye mwembe, shule na kanisa vyote vinaisikiliza. Niliigonga mara moja nikipita. Watoto wakatoka mbio kwenda kunywa uji, mwalimu wa zamu akanifuata na fimbo, akaona mvi, akaishia kuniamkia. Shikamoo ya mstaafu hiyo.

Lakini niambie, wewe ulikuwa unajua? Ulipojaza 1968 pale Kigoma ulinikumbuka hata kidogo, au ulinakili tu kama nilivyonakili mimi? Mama yako alikuambia ulizaliwa lini? Treni inaingia huko siku gani siku hizi, nikija utanipokea stesheni au utatuma mtoto? Tutaongea kwa sahani ya migebuka au kwa wakili? Na ile kadi ya ubatizo uliyoifunga kwenye nailoni, hebu ifungue: ina jina la mama yako, au la mama yangu?

Somo wako,
wa Pili