Namba ya ubavuni mwa tairi si ya kujazia upepo

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na madereva wenzangu, na hasa vijana wanaojaza upepo kando ya barabara.

Mimi hufuata mchele Kyela na kuuleta Uyole kwa gari dogo. Machi mwaka huu nilikuwa nashuka bila mzigo, mke wangu kiti cha mbele, mvua inanyesha. Nikasimama Kiwira nijaziwe upepo. Kijana aliinama, akasoma ubavuni mwa tairi, akajaza 44 ya geji (kipima upepo, kwa PSI) magurudumu yote manne. Sikumzuia, maana nami niliamini hivyo kwa miaka mingi. Kabla hatujafika Tukuyu, kwenye kona, mkia wa gari ukahama na tukaingia mtaroni. Mke wangu aliteguka bega. Mvua ilikuwepo na mwendo wangu nao nauhesabu, lakini matairi yale yalikuwa magumu kama jiwe.

Ile 44 ni kikomo cha tairi lenyewe. Tairi hilohilo linafungwa kwenye magari ya uzito tofauti, basi aliyelitengeneza atajuaje gari lako? Kipimo chako kimeandikwa na aliyetengeneza gari. Fungua mlango wa dereva, tazama kibandiko kwenye nguzo ya mlango. Kwangu kibandiko ni cha Kijapani, na hapo ndipo wengi tunakata tamaa, ila tarakimu zinasomeka: 220 kPa, kipimo kingine cha upepo. Gawanya kwa 6.9, unapata 32 ya geji zetu. Tofauti ya 12! Tairi lililozidi upepo hutuna katikati na kugusa lami kidogo, ndiyo maana huisha katikati. Lililopungua huisha pembeni, hupata moto, na likibebeshwa gunia nyingi linaweza kupasuka.

Mwanangu ni bodaboda. Kibandiko cha pikipiki yake kiko kwenye kava la cheni: mbele 25, nyuma 28 akiwa peke yake, 32 akiwa na abiria. Kutwa nzima ana abiria, na kumbe alikuwa anapima kwa kubonyeza tairi kwa kidole gumba! Pikipiki nyingi kijiweni kwao kibandiko kimebanduliwa au kimefunikwa na mapambo. Wenye hizo watazame kitabu cha pikipiki.

Jambo jingine ni wakati wa kupima. Tairi lipimwe likiwa la baridi, asubuhi kabla ya kuondoka. Ukitoka Kyela hadi Uyole geji itasoma juu kwa sababu ya joto. Usipunguze, kesho yake litakuwa chini ya kipimo. Na sisi wa huku juu tuangalie zaidi: upepo uliojazwa kwenye joto la Kyela, asubuhi ya baridi ya Juni hapa Uyole unakuta umeshuka kwa 2 au 3 bila pancha yoyote.

Nawaomba wenye vituo vya mafuta waweke geji nzima, kwa sababu nimepima tairi moja sehemu mbili siku moja nikapata 29 na 35. Geji ndogo ya mkononi si ghali, nami sasa ninayo. Na walimu wa udereva, kabla mwanafunzi hajawasha gari, mfungulieni mlango asome kile kibandiko.

Dereva wa mchele,
Uyole, Mbeya